Chokaa ya Mifupa: Maneno juu ya Kalsiamu katika Chakula Chetu

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka uliofanyika Kitale, mbele ya wanachama wa Kitale na wajumbe wa tawi la Bungoma)



Halmashauri ilipotutaka tuseme maneno machache kabla ya kusomwa hesabu za mwaka, tulidhani tutatakiwa kusema juu ya ada, kwa kuwa sisi makarani twajulikana kwenu zaidi kwa kudai kuliko kwa kufundisha. Lakini tulipokuwa tukiyapitia madaftari ili kuitengeneza taarifa hii, macho yetu yalikwama katika kurasa za rambirambi na za msaada wa wagonjwa. Chama kimefanya kazi yake. Kimenunua majeneza, kimekodi magari ya kuwarudisha marehemu kutoka Kitale hadi makaburi ya wazazi wao huko Bungoma, kimewapelekea wafiwa unga, sukari na majani ya chai. Hakuna mwanachama aliyeachwa peke yake siku ya msiba, na hilo ni jambo la kujivunia. Ila mtu aandikaye mambo hayo mwaka baada ya mwaka haachi kujiuliza kama hakuna neno ambalo lingaliweza kutendwa mapema zaidi, kabla ya jeneza.

Kwa idhini yenu, basi, twataka kusema juu ya chakula. Wala si chakula chote, maana hapo tungekesha, ila juu ya kitu kimoja kilichomo ndani yake, nacho huitwa kalsiamu. Ni madini yale yale yaliyomo katika chokaa na katika ganda la yai. Msishangae. Tutaanza na ng'ombe, maana hapo sote tu walimu.

Wakati wa mvua za mwaka huu tulikwenda kumjulia hali mwanachama mmoja mwenye shamba upande wa Kiminini. Tulimkuta zizini, na mbele yake ng'ombe wa gredi aliyezaa usiku uliopita. Mnyama alikuwa amelala chini, shingo ameipinda ubavuni, masikio ya baridi, hawezi kuinuka. Mwenyewe hakupoteza wakati. Alipiga simu, na daktari wa mifugo akaja kwa pikipiki, akaining'iniza chupa, akaitia dawa katika mshipa wa shingo polepole huku akiyasikiliza mapigo ya moyo. Hata saa moja haijatimia, ng'ombe alitetemeka, akateuka, akasimama kwa miguu yake minne, akamtafuta ndama wake. Wafugaji waliomo humu ndani wanaijua dawa ile. Ni kalsiamu. Ugonjwa wenyewe huitwa homa ya maziwa, ijapokuwa mwili wa mnyama huwa baridi wala hauna homa yo yote. Ng'ombe wa maziwa mengi anapozaa, kalsiamu nyingi hutoka katika damu yake kwa ghafula kuingia katika maziwa, kupita kiasi ambacho mifupa yake yaweza kuirudisha upesi. Damu ikipungukiwa nayo, misuli haina nguvu ya kujikaza, na mnyama huanguka.

Mwezi uo huo ililetwa barua kutoka tawi la Bungoma. Mke wa mwanachama, msichana mwenye mimba ya kwanza, alishikwa na kifafa cha mimba, akafariki yeye na mtoto. Tukaandika katika daftari kama ilivyo desturi, tukatoa kilichopasa kutolewa. Hatusemi kwamba kalsiamu ingemwokoa. Hakuna awezaye kusema hivyo juu ya mtu mmoja, na maradhi yale yana sababu nyingi ambazo hata mabingwa bado wanazichunguza. Lakini usiku ule jambo moja lilitukera, nalo ni kwamba katika nyumba zetu nyingi aliye na mtu wa kumwangalia juu ya kalsiamu ni ng'ombe peke yake. Hutundikiwa jiwe la chumvi zizini. Hununuliwa unga wa madini kwa gunia. Mama mwenye mimba, ambaye naye anajenga mifupa ya kiumbe kingine kutoka katika damu yake, twampa ugali mweupe na chai ya rangi, kisha twamwambia avumilie.

Kalsiamu hufanya kazi gani mwilini? Mtu mzima huwa nayo kadiri ya kilo moja au zaidi kidogo, na katika kila sehemu mia, sehemu tisini na tisa zimo katika mifupa na meno. Hiyo moja iliyobaki ndiyo iliyomo katika damu na nyama, nayo ni ndogo lakini haina mchezo: bila hiyo moyo haupigi sawasawa, misuli haijikunji, mishipa ya fahamu haipelekani habari, na jeraha halifungi damu. Kwa hiyo mwili hauruhusu hata kidogo kiasi cha damu kipungue. Chakula kisipoleta kalsiamu, mwili huenda kuichukua mifupani.

Nasi watu wa chama twaweza kulifahamu jambo hilo vizuri, kwa kuwa mfupa ni kama hazina yetu. Tangu utotoni hadi umri wa miaka karibu 30 mtu huweka akiba. Baada ya hapo haongezi tena akiba ya maana, hutumia ile iliyopo. (Sisi tunaosema nanyi tumekwisha kuupita umri huo, kwa hiyo hatuwasomei hotuba hii kwa furaha kubwa.) Akiba ikiwa nyingi, uzee hupita bila taabu. Ikiwa ndogo, na kila siku pakawa na kukopa, itafika siku ambapo sanduku halina kitu. Kwa akina mama jambo hili huharakishwa baada ya hedhi kukoma, maana mifupa yao hupoteza madini kwa kasi zaidi katika miaka ile. Ndipo tunapoona mama mzee aliyeinama mgongo, au aliyejikwaa tu kizingitini akavunjika nyonga. Watu husema ameanguka akavunjika. Mara nyingine mfupa ulikuwa umekwisha kuchakaa zamani, na kuanguka kukawa sababu ndogo tu.

Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo yameshauri kwamba mtu mzima apate miligramu 1,000 za kalsiamu kila siku. Kijana anayekua, tangu miaka 10 hadi 18, apate 1,300. Na mtoto wa miaka minne hadi sita apate 600. Sasa na tupige hesabu, maana karani asiyepiga hesabu ni mwimbaji tu. Unga mweupe wa mahindi una kalsiamu isiyofika miligramu 10 katika kila gramu 100. Mtu akila nusu kilo nzima ya unga huo kwa siku, na tunawajua watu wawezao kazi hiyo, hapati hata miligramu 50. Tumbo limejaa, mfupa umelala njaa. Lakini wimbi, ule ule wimbi mwekundu wa kukhu zetu, una miligramu kadiri ya 340 katika gramu 100. Tazameni tofauti ilivyo: ni zaidi ya mara thelathini. Miongoni mwa nafaka zinazoliwa kwetu, hakuna inayoukaribia.

Je, tulifikaje hapa tulipo? Si kwa ujinga, wala wazee wasije wakadhani twawalaumu. Babu zetu walikula ugali wa wimbi, walikunywa maziwa, na mboga zao ziliota karibu na boma. Kisha yakaja mashamba ya walowezi katika Trans Nzoia, na wengi wa wazee wetu walivuka kutoka upande wa Bungoma kwenda kufanya kazi huko, wakikaa na ng'ombe wao katika mashamba ya watu. Sheria ya mwaka 1937 iliyowahusu wafanyakazi wakaazi iliyapa mabaraza ya wilaya za walowezi uwezo wa kupunguza mifugo ya wale walioitwa maskwota. Mzee aliyekuwa na kundi akabaki na wachache, au akaambiwa auze wote, akapewa posho, na posho ni unga wa mahindi. Maziwa yakatoka nyumbani hivyo, na jambo hilo halikuandikwa popote kuwa ni jambo la afya.

Mahindi nayo yalikuwa na nguvu yake. Hapa hapa Kitale utafiti wa mbegu ulianza mwaka 1955, na mwaka 1956 ikaundwa kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, na mwaka 1964 ikatolewa ile mbegu ya H611 iliyozidi mavuno ya mbegu zote za zamani. Hatusemi hilo lilikuwa baya. Mahindi yale yalisomesha watoto, yaliezeka nyumba kwa mabati, na hata chama hiki kimesimama juu ya magunia yake. Wimbi una kazi nzito ya palizi, ndege huupenda, na kuuvuna ni kwa kisu kidogo, suke kwa suke. Mama mwenye watoto shuleni na mume mjini aliuachaje asiuache? Upande wa Bungoma, baada ya kuundwa kampuni ya sukari ya Nzoia mwaka 1975, miwa nayo ikachukua shamba ambalo lingepandwa wimbi.

Hapa pana habari moja ambayo twaipenda sana. Mahindi asili yake ni Marekani ya Kati na Meksiko, na watu wa huko wameyala tangu zamani za kale. Lakini hawakuyala kama sisi. Wao huyachemsha mahindi pamoja na chokaa, wakayaosha, wakayasaga yangali mabichi, wakatengeneza mikate myembamba. Chokaa ile huingia katika mahindi, na hata leo mikate hiyo huwapatia watu wa Meksiko sehemu kubwa ya kalsiamu yao. Mahindi yalipovuka bahari kuja Afrika yalikuja peke yake. Maarifa ya chokaa yaliachwa nyuma. Tukapokea mbegu bila mafundisho yake. (La hasha, hatusemi mtu aende dukani akanunue chokaa ya kupakia ukuta akaitie sufuriani. Hiyo itamuunguza koo. Iko chokaa ya chakula na iko ya ujenzi, na vitu hivyo si kimoja.)

Madhara ya chakula kisicho na kalsiamu yalichunguzwa katika nchi yetu mapema. Mwaka 1931 John Boyd Orr, Mskoti aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, pamoja na Dakta Gilks wa idara ya tiba ya Kenya, walitangaza taarifa juu ya Wamasai na Wakikuyu. Walipima na wakakuta kwamba mwanamume wa Kimasai, aliyeishi kwa maziwa, nyama na damu, alimpita mwanamume wa Kikuyu, aliyeishi kwa nafaka na viazi, kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Kwa Wakikuyu waliona upungufu wa kalsiamu, na meno na mifupa yenye kasoro. Tusiipokee habari hiyo bila kufikiri. Watu wa kabila moja hutofautiana na wa kabila jingine tangu kuzaliwa, na wachunguzi wale hawakuweza kulitenga jambo la ukoo na jambo la chakula; tena kwa Wamasai wenyewe walikuta maradhi mengine. Lakini jambo moja katika taarifa ile lingali na uzito. Waliona kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani ya mboga ambayo wanaume waliyadharau, na majani yale yalikuwa na kalsiamu nyingi. Sisi wanaume wa magharibi ambao husema mboga za kienyeji ni chakula cha wanawake, na tulisikie hilo.

Kuhusu watoto, pana mafundisho kutoka Nigeria. Zamani ilisemwa kwamba matege, yaani miguu ya mtoto kupinda kwa mifupa laini, huletwa na kukosa jua, kwa sababu jua huufanya mwili utengeneze vitamini D, nayo ndiyo humfungulia kalsiamu mlango wa tumbo iingie katika damu. Hayo ni kweli kwa nchi za Ulaya zenye baridi. Lakini katika mji wa Jos palikuwa na watoto wengi wenye matege, na jua la Jos si haba. Dakta Tom Thacher na wenzake walitangaza mwaka 1999 kwamba watoto wale walikula kalsiamu ya miligramu 200 tu kwa siku, na walipopewa kalsiamu mifupa yao ilipona vizuri kuliko ya wale waliopewa vitamini D peke yake. Chakula chao kilikuwa cha namna gani? Nafaka, na maziwa kidogo sana. Jua la Kitale nalo si haba. Mtoto wetu akiwa na matege tusiseme ni ya ukoo au amerogwa. Apelekwe hospitali apimwe.

Tuwarudie akina mama, maana ndiko moyo wetu uliko. Katika kifafa cha mimba, shinikizo la damu hupanda baada ya mimba kufika nusu ya safari, figo huanza kupitisha protini katika mkojo, kichwa huuma, macho huona giza, uso na mikono huvimba, na mwisho huja degedege. Imethibitishwa kwa majaribio mengi kwamba mahali ambapo chakula kina kalsiamu haba, mama mjamzito akipewa kalsiamu hatari hiyo hupungua. Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba wajawazito wa mahali kama hapo wapewe miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku. Taabu ni kwamba hivyo ni vidonge vikubwa, vingi, vya kumezwa mara tatu kwa siku, navyo havifai kumezwa pamoja na vile vya kuongeza damu.

Mwezi wa Januari 2024 yakatangazwa matokeo ya majaribio mawili, moja la Dar es Salaam na jingine la Bengaluru huko India. Kila mahali walikuwako wanawake 11,000, wote wa mimba ya kwanza. Nusu walipewa miligramu 1,500 kwa siku na nusu 500 tu. Huko Dar es Salaam walioingia katika hatari ile ya shinikizo walikuwa karibu watatu katika kila mia, kwa makundi yote mawili, tofauti ikiwa ndogo mno. Maana yake ni kwamba kidonge kimoja kimefanya karibu kazi ile ile ya vitatu. Majaribio yale yalikuwa ya vidonge, hayakuwa ya uji wala mboga, na hatutaki mtu atoke hapa akitangaza kwamba karani amesema wimbi unatibu kifafa cha mimba. Hautibu. Mama mwenye dalili tulizozitaja hana dawa nyumbani; apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku, hata ikiwa mvua inanyesha, na gari la chama lipo. Lakini twaona kwamba kiasi kilichohitajika si mlima.

Jirani zetu wa Malava, katika Kakamega, walikwisha kujaribiwa vidonge hivyo katika kliniki za kawaida za wajawazito. Mama alitakiwa achague mtu wa nyumbani, mume au mama mkwe au dada, wa kumkumbusha kumeza. Ikaonekana kwamba aliyesaidiwa na watu wake alimeza zaidi. Hapo hapahitaji elimu ya chuo kikuu. Mwanamume aulize tu jioni, "Umemeza?" Na kliniki mume aende pamoja naye, akaulize kama kalsiamu inatolewa, na kama haitolewi aulize kwa nini.

Sasa twaje kwenye sufuria. Kikombe kikubwa cha maziwa, yaani robo lita, kina miligramu kadiri ya 300. Wazee wengine husema maziwa mabichi huwasokota tumbo, na ni kweli, kwa maana watu wazima wengi wa Afrika hawayeyushi vizuri sukari iliyomo katika maziwa. Basi na wanywe maziwa lala ya kibuyu. Yaliyoganda yana sukari hiyo pungufu na kalsiamu ile ile. Omena, ambao hujaa katika masoko yetu yote mawili kutoka Ziwa Viktoria, huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa ndiyo mali yenyewe. Konzi moja katika mchuzi yamfaa mtoto kuliko soda kumi. Wale wanaowakata vichwa na kuwatupa kwa ajili ya uchungu, wasiitupe na miiba.

Majani ndiyo tuliyoyasahau zaidi. Mgagani, ambao sisi huuita chisaka na wengine saga, hupita miligramu 200 katika gramu 100 za majani mabichi, na sukuma wiki nayo si mbaya. Mchicha na spinachi zina kalsiamu nyingi, lakini zina asidi inayoishika isiingie mwilini. Hizo tule kwa faida zake nyingine. Mnakumbuka jinsi kukhu alivyopika chisaka? Aliichemsha, akaimwagia maziwa, akaiacha katika chungu ilale usiku kucha ili uchungu utoke, akaipasha tena kesho yake. Sisi tuliporudi likizo kutoka shule za bweni tulikunja pua tukitaka kabeji. Yule mama ambaye hakujua kusoma alikuwa ametia kalsiamu juu ya kalsiamu katika chungu kimoja, nasi wenye vyeti tukaomba maji yenye rangi ya kijani.

Wimbi nao una hila yake. Ndani ya ganda lake mna kitu kinachoyafunga madini, hata sehemu yake hupita tumboni bila faida. Lakini ukiloweshwa ukachipua ukawa kimea, au uji wake ukiachwa uchachuke siku moja au mbili, kifungo hicho hulegea. Hilo pia wazee walilijua kwa mikono yao. Tunamwona mzee mmoja kule nyuma akitabasamu, naye anataka kuuliza juu ya busaa, ambayo hutiwa kimea cha wimbi. Jibu ni kwamba kimea ni chema, mzee wetu. Kilichobaki mwulize daktari wako wa ini.

Kuna makosa mawili ya kuondoa. Magadi tunayotia katika maharagwe na mboga ili zilainike upesi ni chumvi ya sodiamu, wala hayajengi mfupa. Na yale mawe laini ambayo wajawazito hununua sokoni na kuyatafuna, yasidhaniwe kuwa ni kalsiamu. Udongo huzuia madini ya kuongeza damu yasiingie mwilini, na mara nyingine una mayai ya minyoo au risasi. Mtu atasema, mbona tembo wa mlima Elgon huingia usiku katika pango la Kitum, upande wa Endebess, wakachimba ukuta kwa pembe zao na kuula mwamba? Ni kweli, huja kutafuta chumvi, na zaidi ni ya sodiamu. Tembo hana duka wala hana kliniki.

Jambo la mwisho ndilo zito kwetu, maana lagusa mfuko. Kila asubuhi pikipiki hupita katika njia zetu zikibeba maziwa kwenda kwenye vituo vya kupokelea, na katika nyumba nyingi hukamuliwa lita kumi, zikauzwa kumi. Fedha hiyo twaihitaji. Nasi ndio tunaoipokea kama ada. Wengine wenu mnakumbuka maziwa ya Nyayo yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, pakiti ndogo kwa kila mtoto, na jinsi tulivyoyangojea. Mpango ule ulikwisha, na mahali pake nyumbani hapakujazwa. Halmashauri imeona si vema kumwamuru mtu juu ya ng'ombe wake. Imeomba tu kwamba kabla debe halijafungwa, kipimwe kikombe kimoja kwa kila mtoto na viwili kwa mwenye mimba, na kinachobaki ndicho kiuzwe.

Tena imekubaliwa kwamba tawi la Bungoma litanunua wimbi wakati wa mavuno, na tawi la Kitale litauuza kwa wanachama kwa gorogoro bila faida, ili mwenye kula mahindi aweze kuchanganya sehemu moja ya wimbi kwa mbili za mahindi bila kuumia bei. Mkutano ujao hautakuwa na soda wala mkate mweupe. Patakuwa na uji wa wimbi uliochachuka na maziwa lala, na atakayeukataa atakaa na kiu. Wazee walioahidi mbegu wataileta kabla ya mvua za Machi. Wenye nafasi ya kupanda, hata robo eka, waandikishe majina yao kwa katibu wa tawi leo kabla hawajaondoka. Daftari liko juu ya meza pale mlangoni, na kalamu imefungwa kwa uzi kwa sababu ya yaliyotokea mwaka jana.

Sasa Mweka Hazina atasoma hesabu.